Dini za ulimwengu wa kubuni: uanze na toleo lipi la skrini?

Katika filamu ya Dune ya mwaka 2021, Stilgar, kiongozi wa watu wa jangwani, anaingia kwenye mkutano wa watawala wapya wa sayari, anasogea hadi mezani na kutema mate. Watu wanashika silaha. Duncan Idaho, askari wa watawala hao, anawatuliza, anamshukuru mgeni kwa kuwatunukia unyevu wa mwili wake, kisha naye anatema. Hakuna anayetoa mhadhara, lakini mtazamaji ameshaelewa kwamba kwenye sayari hii maji ni mali na ni heshima, na hayako mbali na ibada. Kitabuni mambo ya namna hiyo huelezwa kwa kurasa nyingi, kwa mawazo ya mhusika, hata kwa faharasa na viambatisho mwishoni. Kwenye skrini hakuna faharasa.

Ndiyo maana matoleo mawili ya kitabu kimoja huweza kuachana mbali kwenye dini na mila ilhali hadithi ni ile ile. Mengi hubeba joho na kuacha mwiko: makuhani wapo, mishumaa ipo, nyimbo zipo, ila hakuna mtu anayekatazwa chochote na imani yake. Ulinganisho huu unatumia vipimo viwili. Cha kwanza, imani inamgharimu nini mtu anayeishika? Cha pili, je, waumini wanabishana wao kwa wao? Dini ambayo wafuasi wake wote husema neno moja ni maleba tu.

Dune: unabii uliopandwa

Riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965 ina kejeli kali moyoni mwake. Unabii ambao Wafremen, wale watu wa jangwani, wanauamini ulipandwa makusudi zamani na masista wa Bene Gesserit, ili mmoja wao akija kukwama jangwani apate pa kujishikiza. Paul Atreides, kijana shujaa wa hadithi, anaujua mtego huo, anauogopa, na bado anautumia. Toleo lolote la skrini lazima liamue kama mtazamaji aione kamba au auone muujiza.

David Lynch, mwaka 1984, akiwa na dakika 137 tu, alichagua muujiza. Filamu yake inaisha Paul akileta mvua jangwani. Kitabuni hakuna tukio hilo, na linavunja hata mantiki ya sayari yenyewe, kwa kuwa maji ni sumu kwa minyoo wakubwa wa mchangani, na bila minyoo hakuna melange, dawa inayoendesha himaya nzima. Hasara kubwa zaidi ni ya maana. Mvua ikishanyesha, unabii wa hila umekuwa unabii wa kweli, na kejeli yote ya Herbert imesombwa na maji hayo.

Tamthilia fupi ya John Harrison ya mwaka 2000 ina sehemu tatu na inakifuata kitabu kwa ukaribu zaidi, hasa siasa za kifalme na muda mrefu ambao Paul anaishi na Wafremen kabla hawajamwinua. Udhaifu wake ni wa macho: ni kazi ya studio, jangwa limechorwa nyuma ya waigizaji, na hilo halijifichi. Anayeweza kulivumilia atatoka akiwa ameielewa hadithi kuliko aliyeanza na Lynch.

Denis Villeneuve alipata dakika 155 mwaka 2021 na 166 mwaka 2024. Kwenye filamu ya pili alifanya jambo ambalo kitabuni halimo: aliwagawa Wafremen. Wa kusini ni waumini wakali, vijana wengi wa kaskazini wanacheka unabii, na Chani, ambaye kwa Herbert ni mtu wa ndani wa ibada na mshirika mwaminifu wa Paul, anageuka kuwa mpinzani mkuu wa imani hiyo. Wasomaji wengi walikasirika. Kwa kipimo cha ubishi wa waumini, hata hivyo, ni uamuzi bora kuliko wote uliofanyika kwenye matoleo matatu, kwa sababu kile ambacho kitabuni ni wasiwasi ndani ya kichwa cha Paul sasa kina mdomo na sura. Stilgar naye amepewa vichekesho: Paul akikana kuwa yeye ni Mahdi, mzee anasema unyenyekevu huo ndio ushahidi wenyewe. Watazamaji wanacheka mara mbili, mara ya tatu hawacheki tena.

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa ambayo wengi hawana. Msamiati wa Wafremen umechotwa kwa wingi kwenye Kiarabu, kwa hiyo maneno ambayo wengine huyasikia kama mizungu ya kubuni sisi tunayatambua. Lisan al-Gaib ni ulimi wa ghaibu. Usul, jina la siri la Paul, ni usuli, na Herbert analieleza kuwa chini ya nguzo. Kitabuni mna hata karama kwa maana ile ile tunayoitumia, na cheo cha Sayyadina hakihitaji mkalimani. Ukiwa na sikio hilo utagundua haraka neno gani limeondolewa. Kitabu kinaita balaa ambalo Paul analiona likija jihadi. Filamu za Villeneuve zinasema vita vitakatifu. Mahdi amebaki, jihadi imetolewa. Unaweza kuelewa woga wa studio baada ya mwaka 2001, lakini matokeo yake ni ya ajabu: lugha ya kumngoja mkombozi imebaki ya watu wa jangwani, na lugha ya kuogopa matendo yake imekuwa ya kila mtu na ya yeyote. Ongeza lalamiko lililosikika sana, kwamba nafasi kubwa za Wafremen hazikwenda kwa waigizaji wenye asili ya Kiarabu, na utaona kwamba filamu iliazima zaidi ya ilivyolipa.

Jambo jingine lililokatwa ni muda. Kitabuni miaka inapita. Alia, dada yake Paul, anazaliwa, anatembea na kusema kama mzee. Filamu imebana yote ndani ya ujauzito mmoja. Imani inayochukua miaka kukomaa inaonekana kuiva kwa miezi.

Anza na filamu za 2021 na 2024 mfululizo. Ukitaka kujua kitabu kilikuwaje, ongeza tamthilia ya 2000. Ya Lynch iangalie mwisho, kwa ajili ya mavazi na majumba yake, usiitegemee kwa lolote la imani.

Kanisa lililofutwa jina

Hapa uchaguzi ni rahisi. Vitabu vitatu vya His Dark Materials vya Philip Pullman, vilivyotoka kati ya 1995 na 2000, vinapigana waziwazi na kanisa lenye mamlaka, na vinafika hadi kifo cha yule anayeabudiwa. Filamu ya The Golden Compass ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Chris Weitz kwa bajeti ya takribani dola milioni 180, iliogopa mada yake yenyewe. Magisterium, jina la mamlaka ya kanisa hilo vitabuni, imebaki, lakini kanisa halitajwi. Ni chombo cha kiserikali chenye watu wanaonong'ona. Nchini Marekani shirika la Catholic League liliitisha mgomo dhidi ya filamu hata hivyo. Kwa hiyo waliolengwa kutulizwa hawakutulia, na wasomaji wa vitabu wakaudhika. Nchini Marekani filamu iliingiza karibu dola milioni 70 tu, ingawa nje ya nchi hiyo mapato yalikuwa makubwa zaidi.

Tazama namna kosa hilo linavyofanya kazi ndani ya hadithi. Watoto wanatenganishwa na roho zao zenye umbo la wanyama kwa sababu wakuu wa kanisa wanaamini Vumbi, chembe za ajabu za ulimwengu huo, ndilo dhambi ya asili, na kwamba mtoto aliyekatwa kabla ya kubalehe ameokolewa. Huo ni ukatili wenye hoja ya kidini, na ndiyo maana unatisha: wanaoutenda wanadhani wanafanya wema. Filamu imeacha ukatili na kuifanya hoja iwe ukungu, na maadui wamebaki kuwa waovu kwa sababu tu hadithi inahitaji waovu. Sura za mwisho za kitabu cha kwanza, ambamo Roger, rafiki wa Lyra, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, anauawa, zilipigwa picha kisha zikaondolewa.

His Dark Materials, tamthilia ya BBC na HBO ya 2019 hadi 2022, ina vipindi 23 katika misimu mitatu na imefika mwisho wa vitabu. Makasisi ni makasisi. Dhambi inaitwa dhambi. Padri Gomez, ambaye kitabuni anasamehewa kabla ya kwenda kumuua Lyra, yumo. Kosa lake ni mwendo: msimu wa kwanza unachelewa kuamsha hisia za uhusiano wa mtu na mnyama-roho wake, na bila uhusiano huo kuhisiwa, kutenganishwa hakuumi inavyopaswa. Hata hivyo chagua tamthilia. Filamu inamfaa mtoto mdogo anayetaka dubu mwenye deraya, na ilipata Oscar ya madoido ya picha kwa haki.

Mzazi muumini anayesita ajue kwamba msimu wa tatu ndio wenye ukali wote. Wa kwanza unaweza kutazamwa na kujadiliwa peke yake. Kama anatafuta kinyume chake, filamu za Narnia za 2005, 2008 na 2010 hazikuficha imani ya C. S. Lewis kwa kiwango hicho: mwishoni mwa ile ya 2010 simba Aslan bado anawaambia watoto kwamba katika dunia yao ana jina jingine ambalo wapaswa kulijua. Kile ambacho skrini imekikwepa kabisa, BBC ya miaka ya 1988 hadi 1990 pamoja na filamu hizi, ni The Horse and His Boy, kitabu kinachotokea zaidi Calormen, taifa la watu weusi kidogo wenye kilemba wanaomwabudu Tash. Ni rahisi kukisia kwa nini hakuna aliyekigusa.

Mtawa mmoja, sababu tatu za kuondoka

Avatar: The Last Airbender ilianza kama katuni, 2005 hadi 2008, vipindi 61. Haina mungu anayeombwa sana, lakini ina nidhamu ya mwili, na hiyo ndiyo dini yake. Watu wake huendesha hewa, maji, ardhi au moto kwa miondoko ya mwili, na kila taifa lina mtindo wake wa kweli wa mapigano uliosimamiwa na mtaalamu: Ba Gua kwa hewa, Tai Chi kwa maji, Hung Gar kwa ardhi, Shaolin ya Kaskazini kwa moto. Mzunguko wa Aang, mtawa mdogo wa hewa ambaye ndiye Avatar, yaani mmoja anayeweza kuviendesha vyote vinne, akikwepa pigo unaeleza malezi yake ya kitawa kuliko hotuba yoyote.

Ili kuyapima matoleo, uliza swali moja: kwa nini Aang aliondoka hekaluni kabla ya kugandishwa miaka mia? Kwenye katuni, wakuu walitaka kumtenga na mlezi wake Gyatso, naye akakimbia. Hatia ya kukimbia inamfuata hadi mwisho. Kwenye filamu ya M. Night Shyamalan ya 2010, sababu ni kwamba Avatar hawezi kuwa na familia. Sheria hiyo imebuniwa kwa ajili ya filamu, na inageuza utawa wa pekee kuwa useja wa kawaida unaoeleweka upesi. Kwenye tamthilia ya Netflix ya 2024 hakimbii kabisa: ametoka kidogo kupunga hewa kichwani, dhoruba ikamkuta. Hatia imeondoka, na uzito wa wajibu umeondoka nayo.

Filamu ya 2010 ina dakika 103 za kubeba vipindi 20 vya msimu wa kwanza, kwa hiyo wahusika wanaelezana mila badala ya kuziishi. Jina la Aang linatamkwa tofauti, mashujaa wakuu walipewa waigizaji Wazungu, na miondoko imekuwa dansi ndefu kabla ya jiwe dogo kusogea. Toleo la 2024 limerekebisha waigizaji na mavazi kwa uangalifu mkubwa, na chakula, nguo na majengo yake vinapendeza.

Bado katuni inayashinda yote mawili, na sababu iko mwishoni mwa msimu wa tatu. Kila mtu anamwambia Aang amuue Mtawala wa Moto. Malezi yake yanamkataza kuua. Hadi roho za Avatar waliomtangulia zinampinga, mmojawao akiwa mtawa wa hewa kama yeye. Imani inagharimu, waumini wanabishana, na yote hayo yamo kwenye katuni ya watoto.

Earthsea, kwa ufupi kwa kuwa hakuna la kuchagua

Ursula K. Le Guin, binti wa mwanaanthropolojia Alfred Kroeber, aliwapa watu wengi wa Earthsea, visiwa vya vitabu vyake, ngozi ya shaba au nyeusi na kuwafanya Wakarg weupe kuwa wageni wenye vita. Tamthilia fupi ya Sci Fi Channel ya 2004 ilimpa Ged, mhusika mkuu, mwigizaji Mzungu, na mwandishi akaandika makala ya kulalamika mwezi Desemba mwaka huo huo. Kosa la pili halizungumzwi sana ila ni baya vilevile. Vitabuni jina la kweli hufichwa kwa sababu anayelijua ana uwezo juu yako. Mhusika huyo mkuu anaitwa Sparrowhawk hadharani na Ged kwa siri. Tamthilia imeyabadilisha nafasi. Ni sawa na kuandika juu ya watu wanaofunga mchana ukasema wanafunga usiku.

Filamu ya Studio Ghibli ya 2006, iliyoongozwa na Goro Miyazaki, ina mandhari ya mashamba yanayotuliza macho, lakini imechanganya vitabu kadhaa, na ibada ya makaburi ya Atuan, ambamo msichana ananyang'anywa jina na kuitwa Aliyeliwa, haimo. Soma vitabu.

Dini isiyotajwa

J. R. R. Tolkien alimwandikia padri rafiki yake mwaka 1953 kwamba The Lord of the Rings ni kazi ya kidini na ya Kikatoliki katika msingi wake, na ndiyo maana aliondoa karibu kila alama ya ibada ili dini iyeyuke ndani ya hadithi. Peter Jackson, katika filamu tatu za 2001 hadi 2003, aliachiwa kazi ngumu: kuonyesha utakatifu usio na hekalu. Alilikata tendo moja la wazi kuliko mengine kitabuni, pale Faramir na watu wake wanaposimama kimya wakitazama magharibi kabla ya kula. Badala yake aliweka mazishi. Boromir ndani ya mashua, maua meupe juu ya makaburi ya wafalme wa Rohan, na katika toleo refu Éowyn akimwimbia marehemu Théodred kwa Kiingereza cha kale. Arwen naye ameongezewa ombi mtoni, akisihi neema aliyopewa impite imfikie Frodo. Maneno machache, na ni sala. Chukua matoleo marefu kama mila ndiyo inayokuvuta. Humo pia ndimo Faramir anapojiuliza kama adui aliyeuawa kutoka kusini alikuwa mwovu kweli, karibu mahali pekee ambapo watu wa Harad wanapata ubinadamu.

The Rings of Power ya Amazon, 2022 na 2024, ina kikwazo cha kisheria kabla ya cha kisanii. Haki zake zinatokana na The Lord of the Rings, viambatisho vyake, na The Hobbit. Sala tatu za mwaka ambazo mfalme wa Númenor, kisiwa cha wanadamu, alizitoa juu ya mlima mtakatifu zimeandikwa kwenye Unfinished Tales, nje ya mipaka hiyo. Hilo ni udhuru wa kweli. Lisilo na udhuru ni chuki ya Wanúmenor dhidi ya Elfi. Viambatisho vyenyewe vinasema waliwaonea wivu kwa kutokufa, yaani ugomvi wao ni juu ya mauti na makatazo ya Valar, wakuu wa kimungu wa ulimwengu huo. Msimu wa kwanza unaleta mtu uwanjani akihutubia umati kwamba Elfi watawanyang'anya kazi. Hofu ya kaburi imekuwa hofu ya ajira. Msimu wa pili umejirudi kiasi, kwa mzozo wa madhabahu ya Waaminifu, Wanúmenor walioshika imani ya kale, na malkia kupelekwa baharini ahukumiwe na kiumbe wa vilindini, na humo ndimo Númenor inapoanza kufanana na nchi yenye dini.

Ukitaka safari ndefu

Game of Thrones, vipindi 73 kati ya 2011 na 2019, ina dini nyingi kuliko zote hapa na inazitofautisha vizuri: Saba wenye mahekalu na makasisi, miungu ya kale isiyo na kitabu wala kuhani, Mungu Aliyezama wa mabaharia, R'hllor wa moto anayedai damu. Misimu ya 5 na 6, wakati High Sparrow, kiongozi wa dini ya Saba, anapowavua watawala viatu, ni miongoni mwa siasa bora za kidini zilizowahi kuonyeshwa. Kisha mwisho wa msimu wa 6 hekalu kuu linalipuliwa na viongozi wote wa imani ndani yake. Katika vipindi 13 vilivyobaki, mamilioni ya waumini hawasemi neno. Hakuna uasi, hakuna padri wa kijijini anayelaani. Kwa mtu anayefuatilia dini, tamthilia inaishia pale, na unaweza kuizima bila majuto.

The Wheel of Time ya Amazon ni kinyume chake: inaanza kwa kuyumba, inafika juu ikichelewa. Kipindi cha 4 cha msimu wa 3, mwaka 2025, kinampitisha Rand, shujaa wa hadithi, kati ya nguzo za Rhuidean, mji mtakatifu wa watu wa Aiel, ambako anaziishi kumbukumbu za mababu zake kwa kurudi nyuma, Josha Stradowski akiwaigiza mababu hao. Aiel, wapiganaji wanaojivunia mkuki, wanagundua kwamba walitokana na watu walioapa kutoshika silaha kamwe. Wengine hawawezi kuubeba ukweli huo na wakaishi. Usikirukie kipindi hicho peke yake. Msimu wa kwanza unawatambulisha Tuatha'an, wasafiri wasiopigana hata wakiuawa, na bila wao hutajua kilichovunjwa. Ujue pia kwamba mfululizo ulikatishwa baada ya msimu huo wa 3, vipindi 24 kwa vitabu 14, kwa hiyo hakuna mwisho wa kuungoja.

Toleo jipya likitoka na huna muda wa kusoma tathmini, nenda kwenye mazishi ya kwanza. Angalia nani anaugusa mwili na nani haruhusiwi, maneno yanayosemwa ni ya lugha gani, na kama yupo mmoja kati ya waombolezaji anayefanya isivyo, akakaripiwa. Ukikuta wote wamesimama kimya kwenye mvua wakiwa na nguo nyeusi huku muziki ukipanda, rudi kwenye kitabu.